Moto wa Kuogea na Kuni Zake

Desturi ya kuoga maji ya moto ni ya zamani sana, na katika habari zake twaona jambo moja: maji yaweza kuletwa kwa mfereji, lakini moto wataka kuni, na kuni zataka msitu.

Watu wa Rumi waliipenda desturi hii kupita wengi. Nyumba kubwa ya kuogea ya Kaisari Caracalla ilifunguliwa mwaka 216. Sakafu za nyumba za namna hiyo zilishikwa na viguzo vifupi vya matofali, na hewa ya moto kutoka matanuri ikapita chini yake. Matanuri hayo yalikula kuni nyingi mno. Mwaka 537 Wagoti walipouzingira mji wakakata mifereji ya maji, na fahari ile ikakoma.

Huko Unguja, Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, aliwajengea watu wa mji hamamu, na mahali pale paitwa Hamamni hata leo. Maji yake nayo yalipata moto kwa kuni. Sasa hakuna aogaye humo. Wageni huenda kutazama tu.

Je, hapana moto usiotaka kuni? Upo. Mwaka 1891 Clarence Kemp, mtu wa Baltimore huko Marekani, alitia matangi meusi ya maji katika sanduku lenye kioo juu, na jua likayapasha. Ila usiku maji yalipoa. Mwaka 1909 William Bailey wa California akalitenga pipa la maji na kulifunika lisipoteze joto, hata maji yakakaa na moto mpaka asubuhi. Lakini gesi ya bei rahisi ilipopatikana huko, wengi waliliacha jua.

Basi nasi tujifunze. Kuni za kuogea huchukuliwa vichwani na mama zetu na dada zetu, na kila mwaka msitu wazidi kuwa mbali. Tusichemshe ndoo nzima kisha tukaingoja ipoe. Lita 5 zilizochemka, zikichanganywa na lita 15 za maji ya nyuzi 20, zatoa lita 20 za nyuzi 40, nazo zatosha kuoga. Tena chombo cheusi kikiwekwa juani tangu asubuhi, maji ya jioni yatataka kuni chache, au yasitake kabisa.