Bunduki, Jambia na Adabu

Katika mabaraza yetu hapa Sandton, ikitajwa Januari 1964 hakosi mzee wa kusema: lau kila nyumba ya Unguja ingekuwa na bunduki, yasingetufika. Wanaomuunga mkono huonyesha mtaa wenyewe, kuta ndefu zenye nyaya za umeme na vibao vya kampuni za ulinzi vinavyoonya kuwa walinzi huja na silaha. Wasemao hivi wamefiwa, na hoja yao inastahili jawabu la tarehe.

Bunduki tulikuwa nazo, tena nyingi. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Unguja, Euan-Smith, alikadiria kuwa bunduki 80,000 hadi 100,000 ziliingia Afrika Mashariki kila mwaka. Kwa bunduki, Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, alimshinda Nsama wa Itahua kwenye mwaka 1867. Stanley alipokutana naye mwaka 1876 alimsifu kwa adabu na unadhifu. Siikanushi adabu hiyo, ila ilikuwa baina ya wenye bunduki. Kijiji kisichokuwa nazo hakikuionja. Hata baina ya wenye bunduki haikudumu: Waarabu wa Tabora walikuwa na silaha, Mirambo naye alikuwa nazo, na mwaka 1871 wakapigana hadi njia ya Ujiji ikafungwa.

Mkataba wa Brussels wa 1890 ulibana biashara hiyo. Chini ya himaya ya Waingereza bunduki za Unguja zikawa zaidi katika maghala ya polisi, na jambia likabaki pambo la kiunoni.

Hapa mzee wetu ana haki yake: kukosa bunduki hakukuleta amani. Fujo za uchaguzi wa Juni 1961 ziliua watu 68, wengi wao Waarabu, na silaha kubwa ilikuwa panga.

Lakini tutazame usiku wa kuamkia Januari 12, 1964, siku chache kabla ya Ramadhani. Waliovamia Ziwani na Mtoni walikuwa na mapanga, pinde na bunduki chache mno. Walizofuata zilikuwa ndani ya maghala. Na miongoni mwao walikuwamo askari wa asili ya bara waliokuwa wameachishwa kazi na serikali mpya, wengine bila hata nauli ya kurudi kwao. Mimi naona tulishindwa pale, katika kumfukuza mtu anayejua ghala lilipo na kumwacha barabarani na kinyongo chake. Bunduki moja katika kila duka la shamba ingekuwa ghala dogo jingine la kuvamiwa.

Sheria ya silaha ya Afrika Kusini ya mwaka 2000, iliyoanza kutumika 2004, humruhusu raia bunduki moja tu ya kujilinda, nayo ifungwe katika kasha la chuma. Mzee wetu anayo. Jambia la babake limetundikwa sebuleni, wazi, na wajukuu hulishika wapendapo.