Picha Badala ya Pesa: Stanley na Tippu Tip

Kila aliyewahi kujenga nyumba anaijua hadithi hii. Umempa fundi kazi, fundi kampa mwenzake, mwenzake katafuta vibarua. Siku ya kumwaga zege hakuna mtu. Unampigia fundi, anakwambia saruji uliyoahidi haijafika. Mbona hukusema? Nilisema, bosi. Sasa hapo nani mwenye kosa?

Ugomvi huohuo nimeukuta tena juzi nilipokuwa narudia Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Ila humo mahali pa saruji pana baruti, na mwisho wake ni makaburi.

Kitabu chenyewe mara nyingi hutajwa kuwa tawasifu ya kwanza ya Kiswahili. Mzee aliitoa akiwa amestaafu Unguja, Mjerumani Heinrich Brode akaichapisha Berlin mwanzoni mwa karne ya 20, na W. H. Whiteley akaitoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwishoni mwa miaka ya 1950. Tusidanganyane kuhusu mwandishi: utajiri wake ulitoka kwenye pembe za ndovu na kwenye watu aliowatia utumwani. Lakini anasimulia kama mfanyabiashara anayefungua daftari lake la madeni, na mdaiwa mmoja ndani ya daftari hilo ni Henry Morton Stanley.

Walianza mwaka 1876. Stanley alitaka kuufuata mto Lualaba kutoka Nyangwe, mahali ambapo wazungu waliomtangulia walikosa njia. Peke yake hawezi. Kwa hesabu za Stanley mwenyewe, walikubaliana dola 5,000, na Tippu Tip amsindikize na watu wenye bunduki kwa safari 60, kila moja ya saa nne. Wakaondoka Novemba. Msitu ukawapokea vibaya: giza, matope, magonjwa, ndui. Haikupita muda Tippu Tip akataka kurudi. Wakakaa chini wakajadiliana upya: safari 20 zaidi, dola 2,600. Mwisho wa Desemba wakaagana kwa sherehe, Stanley akashuka na mto hadi akatokea Atlantiki mwaka uliofuata.

Kila mmoja ana kumbukumbu yake. Kwa Stanley, huyu ni mtu aliyelegea katikati ya kazi. Kwa Tippu Tip, yeye ndiye aliyemfikisha mgeni pale ambapo mgeni asingefika, akaahidiwa makubwa, na baadaye zawadi iliyomjia ni picha ya Stanley. Picha! Mtu unasubiri malipo, unaletewa sura ya mdaiwa wako.

Ndiyo maana kilichofuata kinanishangaza. Miaka kumi baadaye walifanya kazi pamoja tena.

Safari hii Stanley alikuwa anakwenda kumwokoa Emin Pasha, gavana aliyekwama Equatoria, karibu na ziwa Albert. Februari 1887 alifika Unguja, na mkataba ukatiwa saini mbele ya mwakilishi wa Uingereza. Tippu Tip atoe wapagazi 600. Stanley atoe risasi na baruti kwa ajili yao. Pembeni kukawa na makubaliano mengine: Tippu Tip awe wali wa Stanley Falls (Kisangani ya leo) kwa niaba ya mfalme Leopold wa Pili, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Wakapanda meli moja, Madura, ikazunguka kusini mwa Afrika hadi mdomo wa Kongo.

Juni, pale Yambuya kando ya mto Aruwimi, Stanley aliugawa msafara. Yeye akatangulia na wenye nguvu. Nyuma akamwacha Meja Edmund Barttelot na watu zaidi ya 200, wengi wao Wazanzibari, pamoja na rundo la mizigo na barua ya maagizo. Barua ilisema, kwa ufupi: Tippu Tip akileta watu, nifuateni, akileta pungufu, punguzeni mizigo, asipoleta kabisa, nendeni kwa awamu, mkirudi kuchukua kilichobaki. Yaani kila kitu kiliruhusiwa, na uamuzi akaachiwa mtu asiyejua lugha ya wale anaowaongoza.

Wapagazi hawakuja. Tippu Tip alisema baruti aliyoahidiwa haikutolewa, na kwamba watu aliowatuma mwanzo waligeukia njiani. Barttelot akaenda Stanley Falls kumbembeleza, akarudi, akaenda tena. Karibu mwaka mzima ukapita. Kambini watu walikula mihogo isiyoandaliwa vizuri, wakaugua, wakachapwa viboko, wakazikwa.

Hatimaye, katikati ya 1888, wakapatikana wapagazi wapatao 400, lakini kwa sharti jipya: mzigo wa ratili 60 ushuke hadi 40. Juu yao akawekwa msimamizi, Muni Somai, aliyeahidiwa pauni 1,000. Kwa hiyo kazi ya Stanley ilikuwa mikononi mwa Barttelot, iliyokuwa mikononi mwa Tippu Tip, iliyokuwa mikononi mwa Muni Somai. Julai 19 Barttelot alipigwa risasi akafa, baada ya kumkabili mwanamke aliyekuwa akipiga ngoma alfajiri. Aliyempiga alikuwa mume wa mwanamke huyo. Muni Somai akatoweka. Stanley aliporudi mwezi uliofuata, chini ya nusu ya watu aliowaacha walikuwa bado hai.

Akamshtaki Tippu Tip Unguja mwishoni mwa 1889, akidai pauni 10,000 kwa kuvunja mkataba. Kesi haikufika hukumu, iliachwa. Tippu Tip akarudi Unguja mwaka 1891 na kuishi huko hadi alipofariki 1905.

Wanahistoria bado wanabishana: Tippu Tip alihujumu makusudi, au alishindwa kuwalazimisha watu wake? Mimi nadhani kosa lilianza mapema zaidi. Stanley alijua tangu 1876 jinsi mwenzake anavyofanya kazi: anapima hasara njiani, na hasara ikizidi anarudi mezani. Si tabia ya ajabu, ndivyo biashara ya misafara ilivyokuwa. Na mwaka 1876 Stanley aliiweza, kwa sababu alikuwepo. Walibishana ana kwa ana, wakapunguza bei, wakapunguza kazi, wakaendelea. Mwaka 1887 alikuwa na karatasi nzuri zaidi, lakini akaingia msituni akaiacha karatasi ijadiliane kwa niaba yake. Tena akiwa na ahadi yake mwenyewe ya baruti isiyotimizwa, na nyuma yake lile deni la picha.

Ukimdai mtu kazi wakati na yeye anakudai, hana haraka. Fundi wangu angeweza kumwambia Stanley hilo bure.

Lakini kinachonibakia nikifunga kitabu si hao wawili. Wote walipata nafasi ya kueleza, kila mmoja kwenye kitabu chake, nani alimwangusha nani. Wale waliolala Yambuya walikuwa wametoka Unguja na pwani kwa kazi ya kubeba mizigo. Mkataba uliandika mzigo wao ni wa nani na malipo ni ya nani. Hawakuwa upande wowote wa ugomvi, na ndio walioulipia.