Gari la umeme kijijini: Mambo ya kupimwa na familia ya Buyangu kabla ya kununua

Kwa miaka mingi familia iliyotaka gari katika vijiji vya kaunti ya Kakamega ilijiuliza maswali matatu tu: bei ni ngapi, linakula mafuta kiasi gani, na vipuri vyake vinapatikana wapi. Siku hizi limezuka swali la nne. Je, ni afadhali kuachana na petroli na kununua gari linalotumia umeme?

Swali hili si la watu wa Nairobi pekee. Katika eneo la Buyangu, lililo kaskazini mwa Msitu wa Kakamega, takriban kilomita 20 kutoka mji wa Kakamega, wapo watu wanaosafiri kila siku kwenda mjini kufundisha, kuuza bidhaa au kufanya kazi katika ofisi za serikali. Barabara kuu ya kutoka Kisumu kwenda Webuye na Kitale inapita karibu, lakini kutoka hapo hadi nyumbani wengi hukanyaga udongo, ambao huteleza mvua inaponyesha. Gari kwa familia ya namna hii si pambo. Ndilo hubeba mbolea, ndilo huwafikisha watoto shuleni, na usiku wa manane ndilo ambulensi.

Kwa sababu hiyo, uamuzi wa kununua gari la umeme hauanzi na gari lenyewe. Unaanza na safari za familia, halafu nyaya za nyumba, kisha betri.

Teknolojia yenyewe

Gari la umeme halina injini ya kuchoma mafuta. Lina betri kubwa, ambayo kwa kawaida imelazwa chini ya sakafu, na mota inayozungusha magurudumu. Dereva anapoachilia kanyagio au kushuka mlima, mota hugeuka kuwa jenereta na kurudisha sehemu ya nguvu katika betri. Halihitaji oili ya injini, plagi za kuwashia wala bomba la moshi. Hata hivyo, magurudumu, bushi, breki na maji ya breki hubaki kazi ya kawaida ya gereji.

Jambo hili si geni kabisa katika Afrika Mashariki. Mnamo Novemba 2011 wanafunzi na wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, waliendesha kwa majaribio gari la umeme walilolibuni, Kiira EV. Jijini Nairobi, teksi za umeme za NopeaRide zilianza kazi mwaka 2018, ingawa kampuni hiyo ilifunga shughuli zake mwishoni mwa 2022. Mwaka huo wa 2022 mabasi ya umeme ya BasiGo yalianza kubeba abiria jijini humo.

Gari linalotajwa mara nyingi na wanunuzi wa mitumba ni Nissan Leaf, lililoanza kuuzwa Desemba 2010. Sababu ni nyepesi: magari mengi yaliyotumika yanayoingia Kenya hutoka Japani, na usukani wake uko upande wa kulia kama sheria ya Kenya inavyotaka.

Kwanza, safari

Chukua familia ya mfano ambayo gari lake huenda Kakamega na kurudi, jumla ya kilomita 40 kwa siku, siku 25 kwa mwezi. Hizo ni kilomita 1,000. Gari la petroli linalokwenda kilomita 12 kwa lita litatumia takriban lita 83. Ikiwa lita moja ni Sh180, gharama ni karibu Sh15,000 kwa mwezi.

Gari dogo la umeme, pamoja na nguvu inayopotea wakati wa kuchaji, hutumia takriban uniti 17 kwa kilomita 100. Kilomita 1,000 zitahitaji uniti 170. Ikiwa uniti moja pamoja na kodi na ada zote itagharimu Sh30, jumla ni Sh5,100. Familia itaokoa karibu Sh9,900 kwa mwezi, au Sh118,800 kwa mwaka.

Bei hizo ni za mfano, na kila familia yapaswa kuweka bei za mwezi wake. Mnamo Septemba 2023 petroli ilifika Sh211.64 kwa lita jijini Nairobi, baadaye ikashuka. Lakini hesabu inaonyesha jambo moja bayana. Ikiwa gari la umeme linagharimu Sh600,000 zaidi ya lile la petroli, itachukua takriban miaka mitano kuzirudisha fedha hizo. Familia ambayo gari lake hutoka Jumapili kwenda kanisani na siku ya soko pekee haitazirudisha hata kwa miaka kumi. Kinachofidia bei ya gari la umeme ni matumizi ya kila siku.

Upande wa pili wa safari ni umbali. Kutoka Buyangu hadi Kisumu, kupitia Kakamega, Chavakali, Mbale na Kiboswa, ni takriban kilomita 70, na wakati wa kurudi kuna mlima mrefu wa kupanda. Kwenda na kurudi ni 140. Eldoret, iliko Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, iko takriban kilomita 100 kupitia Webuye. Nairobi ni karibu kilomita 400.

Hapo ndipo mnunuzi anapopaswa kuwa mwangalifu na tarakimu za matangazo. Leaf ya kwanza, yenye betri ya uniti 24, ilitangazwa nchini Japani kwamba ingekwenda kilomita 200. Kipimo cha serikali ya Marekani kwa gari hilo kilikuwa takriban kilomita 117. Ile ya uniti 40 iliyotoka mwaka 2017 ilitangazwa kilomita 400 Japani, na takriban 243 Marekani. Kipimo cha Marekani ndicho kilicho karibu zaidi na hali halisi ya barabara, nacho ni cha gari jipya.

Pili, betri

Betri huchakaa kwa umri, kwa joto na kwa wingi wa kuchajiwa. Leaf hizo hazina mfumo wa kimiminika wa kupoza betri, na mwaka 2012 wamiliki katika jimbo lenye joto kali la Arizona, Marekani, walilalamika kwamba betri zao zilipungua mapema. Hali ya hewa ya Kakamega, iliyo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ni ya upole zaidi. Lakini hali hiyo haiwezi kuponya betri iliyokwisha kuchoka kabla ya kupandishwa melini.

Chukua betri ya uniti 24 iliyobakiwa na asilimia 70 ya uwezo wake. Umbali wake umeshuka hadi kilomita 82 hivi. Gari hilo litakwenda Kakamega na kurudi bila taabu, lakini halitamfikisha mgonjwa Eldoret. Betri ya uniti 40 iliyobakiwa na asilimia 80 itakwenda takriban kilomita 194: itafika Eldoret, na itakwenda Kisumu na kurudi, bali haitafika Nairobi bila kuchajiwa njiani.

Katika Leaf, afya ya betri huonyeshwa na mistari 12 midogo kando ya kipimo cha chaji. Mstari wa kwanza hutoweka baada ya takriban asilimia 15 ya uwezo kupotea. Kwa hiyo gari lenye mistari yote 12 si lazima liwe kama jipya. Mnunuzi adai ripoti ya betri iliyosomwa kwa kifaa cha uchunguzi, yenye nambari ya fremu ya gari hilo hilo, kabla ya kutuma fedha. Picha ya rangi inayong'aa si ushahidi wa betri.

Aidha, sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Kwa sababu hiyo, zile Leaf za betri ya uniti 24 zinazouzwa sasa ni zile zilizokwisha kuingia nchini, na bei yake nafuu ina maana yake.

Tatu, nyumba na stima

Watu wengi hudhani kwamba bila kituo cha kuchajia gari halitumiki. Kwa safari za kila siku si kweli. Soketi ya kawaida ya voti 240 hutoa takriban uniti mbili na zaidi kidogo kwa saa. Kilomita 40 zinahitaji uniti saba hivi. Saa tatu usiku zinatosha. Lakini kuijaza betri tupu ya uniti 40 huchukua saa 16 au zaidi, na hilo haliwezekani kwa dharura.

Tatizo ni kwamba soketi nyingi za nyumbani zilifungwa kwa ajili ya redio, pasi na simu. Gari huvuta umeme mwingi kwa saa nyingi mfululizo. Waya mwembamba hupata moto, plagi huyeyuka, na nyumba huweza kuungua. Fundi aliyesajiliwa hana budi kuvuta waya mnene wa gari peke yake kutoka kwenye kisanduku cha umeme, wenye swichi yake ya kujikata. Waya wa kuunganisha kwenye kamba za nguo na soketi za kuunganishia vifaa vingi visitumiwe kamwe. Kebo iliyokuja na gari kutoka Japani, ambako umeme wa nyumbani ni wa voti 100 au 200, isichomekwe kabla ya kukaguliwa.

Kakamega ni miongoni mwa maeneo ya Kenya yanayojulikana kwa ngurumo na radi. Nyumba iwe na waya wa ardhini uliopimwa na kifaa cha kuzuia mshtuko wa umeme. Wingu linapotanda, ni busara kuichomoa plagi.

Kuna pia mtego wa bei. Katika utaratibu wa bei uliotangazwa mwaka 2023 na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, wateja wa nyumbani waligawanywa kwa wastani wa matumizi: hadi uniti 30 kwa mwezi, hadi 100, na zaidi ya 100. Anayevuka 100 hulipia kila uniti kwa kiwango cha juu, hata zile za taa na televisheni. Familia iliyokuwa ikitumia uniti 60, ikiongeza 170 za gari, inavuka. Utaratibu huo huo uliweka kiwango maalumu cha kuchaji vyombo vya usafiri: Sh16 kwa uniti, na Sh8 saa ambazo matumizi ni madogo, kabla ya kodi na ada. Kiwango hicho hakiji chenyewe kwenye mita ya nyumbani. Mteja hana budi kuiomba Kenya Power.

Na stima ikipotea? Mnamo Agosti 25, 2023 karibu nchi nzima ilibaki gizani. Dawa ni desturi: gari lichajiwe kila usiku, lisilale na betri nusu. Paneli ndogo ya jua ya kuwasha taa haitoshi. Gari la mfano wetu linahitaji karibu uniti saba kwa siku ya safari, na mchana jua linapowaka gari lenyewe liko mjini.

Mengine ya kuulizwa

Kodi. Sheria ya Fedha ya 2019 ilipunguza ushuru wa bidhaa kwa magari yanayotumia umeme pekee kutoka asilimia 20 hadi 10. Viwango hubadilika bajeti inaposomwa. Hesabu ipatikane kutoka kwa Mamlaka ya Ushuru, KRA, kabla ya gari kuagizwa.

Plagi. Vituo vingi vya kuchaji kwa haraka viko Nairobi na miji mikubwa. Kuwepo kwa kituo hakutoshi. Plagi yake lazima iwe ya aina inayoingia katika gari hilo. Leaf hutumia aina ya Kijapani ambayo vituo vipya vingi havina.

Lugha. Skrini za magari mengi ya Japani huandikwa Kijapani, na kuibadilisha si kazi rahisi.

Fundi. Nyaya za rangi ya chungwa chini ya gari hubeba zaidi ya voti 300. Zinaua. Fundi wa kijijini abadilishe magurudumu na bushi, lakini nyaya hizo awaachie waliofunzwa.

Barabara. Betri iko chini ya sakafu, na gari halikuinuka sana. Makorongo na mawe ya njia za ndani yaweza kulikwaruza pabaya.

Familia ambayo safari zake za mbali ni nyingi ina njia ya kati: gari lenye injini ya petroli na mota pamoja, kama vile Toyota Aqua. Halichajiwi kwa soketi, linaokoa mafuta, na halimwachi mtu njiani penye kituo cha mafuta.

Daftari kabla ya fedha

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kuuza shamba, ng'ombe au kuchukua mkopo wa chama cha ushirika, familia iweke daftari ndani ya gari lililopo, au mfukoni mwa anayepanda matatu, kwa mwezi mmoja. Iandike kila safari, kilomita zake, mzigo na saa ya kurudi. Iandike pia siku ambazo stima ilipotea na muda iliokaa.

Mwisho wa mwezi ukurasa utatoa jibu. Ikiwa safari nyingi ni za Kakamega na kurudi, nyumba ina waya salama, na betri inayouzwa imethibitishwa kuwa na nguvu ya kufika Eldoret usiku, gari la umeme lina nafasi katika boma hilo. Ikiwa moja kati ya hayo matatu linakosekana, fedha zikae benki kwanza.