Pampu ya Maji ya Injini: Kuijaribu na Kuitunza Gisenyi

Pampu ya injini ni mtambo wa kuvuta na kusukuma maji ambao pangaboi lake huzungushwa na injini ya petroli au ya dizeli iliyofungwa nayo pamoja. Katika mji wa Gisenyi, wilayani Rubavu, Mkoa wa Magharibi wa Rwanda, hutumika aghalabu kunyweshea vitunguu, karoti na kabeji wakati wa kiangazi cha Juni hadi Septemba, na kuondoa maji katika misingi ya majengo. Iliyoenea ni ile ndogo ya petroli, inayobebwa na watu wawili, yenye mdomo wa inchi 2 au 3. Kitabu cha ile ya inchi 3 huahidi lita 1,000 hivi kwa dakika, na wanunuzi wengi huiamini ahadi hiyo kama hati ya kadhi, ilhali vipimo vya namna hiyo ni vya usawa wa bahari, na uso wa Ziwa Kivu, ambalo Gisenyi iko ufukoni mwake, uko mita 1,460 hivi juu yake.

Tofauti hiyo si ndogo. Pampu huondoa hewa tu ndani ya bomba la kuvutia, na uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji yapande. Pwani, kwa hesabu kamili, uzito huo waweza kuyainua mita 10.3, bali Gisenyi kikomo ni mita 8.7 hivi, na ukishatoa msuguano wa bomba na uchakavu wa mtambo, mwenye busara hataiweka pampu zaidi ya mita 5 juu ya ziwa. Injini nayo hupoteza takriban sehemu 3 katika 100 za nguvu zake kwa kila mita 300 za kupanda, kwa hiyo sehemu moja katika saba imekwisha potea kabla kamba ya kuwashia haijavutwa. Kadhalika, hewa ikipungua petroli huzidi, na plagi, ambayo mafundi wa hapa mpakani mwa Kongo huiita buji, hutoka nyeusi kwa masizi. Watengenezaji wengine huuza jeti ndogo ya kabureta kwa ajili ya nchi za juu, nayo yafaa. Ila mashine iliyotiwa jeti hiyo isirudishwe pwani vivyo hivyo, maana huko itachoma mchanganyiko mkavu na kupata joto la kuidhuru.

Basi jaribio lenye maana ni lile lifanywalo papo hapo pampu itakapofanyia kazi. Kwanza hujazwa maji, kwa kuwa ikizunguka kavu, hata kwa muda mfupi, sili iliyo nyuma ya pangaboi huungua. Bomba la kuvutia lipande mfululizo kutoka ziwani bila kigongo cha kukalia hewa, na chujio lake lizame vema, maana mawimbi ya Kivu yakilifunua mara moja tu, mvuto hukatika. Injini ikiisha kupata moto, maji huelekezwa katika pipa la lita 200 na saa ikatazamwa: likijaa kwa sekunde 15, pampu inatoa lita 800 kwa dakika. Kisha mdomo wa kutolea hufungwa kwa muda usiozidi dakika moja, na geji husomwa. Kila bari 1 ni mita 10 na ushei za kupandisha maji. Msukumo ukiwa mzuri na maji ni machache, kasoro aghalabu iko upande wa kuvutia. Vikipungua vyote viwili, ama pangaboi limelika, ama injini haifikii mwendo wake. Na mwendo haufai kudharauliwa, kwani ukipungua sehemu moja katika kumi, kimo cha maji hupungua karibu sehemu mbili.

Kwa kuwa mvuto umepunguzwa na kimo cha nchi, wengi huona hila nzuri ni kuishusha pampu shimoni, iyakaribie maji. Hapa tahadhari ni wajibu. Moshi wa injini hutuama shimoni na kuua. Na juu ya hayo, katika ardhi ya volkano kaskazini mwa ziwa, hasa upande wa mji wa Goma nchini Kongo, hewa ya ukaa hutoka chini na kutuama mabondeni, nayo ndiyo iitwayo mazuku, haina rangi wala harufu. Injini ikizimika shimoni bila sababu ya dhahiri, asishuke mtu kuitazama. Afadhali kuichongea pampu ngazi ya wazi ufukoni. Ama gesi iliyoyeyuka ndani ya ziwa lenyewe, ambayo watu huiulizia sana, imo katika vilindi vya zaidi ya mita 250, wala haimhusu avutaye maji ya juu.

Katika utunzaji, oili hubadilishwa baada ya saa 20 za kwanza, kisha kila saa 100, na hutazamwa kila siku. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia ndani ya injini. Sifongo ya chujio la hewa huoshwa kwa sabuni, ikakaushwa na kupakwa oili kidogo, mara nyingi zaidi penye vumbi jeusi la lava. Lakini adui mkubwa ni tope. Mto Sebeya, ushukao kutoka milima iliyokatwa miti ya Gishwati, huja na udongo na mchanga unaosaga pangaboi na kuta za jumba lake, na mafuriko ya usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, yaliyoua watu zaidi ya 130 nchini Rwanda, yalionyesha nguvu za maji hayo. Pampu ya mtoni hufunguliwa mara nyingi kuliko ya ziwani. Nafasi baina ya pangaboi na ukuta hupimwa, gasketi hutiwa mpya, na jaribio la pipa hurudiwa kabla mtambo haujarudishwa kazini, hesabu yake ikaandikwa daftarini chini ya ile ya kwanza. Msimu ukiisha, maji yote humwagwa, na petroli hukaushwa katika kabureta, kwa kuwa ikikaa miezi huacha gundi inayoziba jeti.