Mistari Miwili Sio Ukuta

Wasee, acha niwaambie vile niliwahi kunenepesha nyumba ya mtu.

Nilikuwa nimeacha chuo miezi michache hivi, kodi inanikaba. Jamaa mmoja akanitumia picha ya ramani ya nyumba yake ya vyumba viwili: "Niinulie kuta nione itakaa aje." Kazi rahisi, si ndiyo? Unaingiza picha kwa programu, unaweka vipimo sawa, unafuata mistari, kuta zinapanda mita tatu. Nikamaliza usiku mmoja. Kesho yake fundi wake akanipigia: "Kijana, nyumba yako imezidi ramani sentimita ishirini, urefu na upana. Mawe ya ziada utanunua wewe?"

Kosa lilikuwa dogo. Nilifuata mstari wa nje wa ukuta, kumbe programu ilikuwa inauchukulia kama mstari wa katikati. Ukuta wa sentimita 20 ukatoka nje kwa sentimita 10 kila upande. Piga hesabu mwenyewe. Pesa sikulipwa, na sikuwa na mdomo wa kulalamika.

Hiyo aibu ndiyo ilinifanya nitafute: kwani kompyuta ilijuaje ukuta ni nini? Jibu ni kwamba kwa miaka mingi haikujua.

Kabla ya kompyuta, mchoraji alikaa mezani na karatasi inayopitisha mwanga, kalamu ya wino na wembe. Wembe ni wa kukwangua wino akikosea. Ukuta mmoja aliuchora mara kadhaa: kwa ramani ya sakafu, kwa picha ya mbele, kwa mchoro wa nyumba iliyokatwa katikati. Ukuta ukisogea, anakwangua kote. Akisahau mahali pamoja, fundi anajenga hilo kosa.

Mwaka wa 1963, pale MIT Marekani, mwanafunzi anaitwa Ivan Sutherland aliwasilisha Sketchpad. Ulichora moja kwa moja kwenye skrini kwa kalamu ya mwanga. Lakini utamu haukuwa hapo. Uliweza kuiambia kompyuta, "hii mistari iwe sambamba," nayo inanyoosha. Mchoro ukaanza kuwa na sheria. Sutherland alikuwa na miaka 24, wasee. Mimi kwa 22 nilikuwa nanenepesha nyumba za watu.

Mwaka wa 1975, Charles Eastman wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon akauliza swali la yule mtu wa wembe: mbona kitu kimoja kichorwe mara nyingi? Wazo lake lilikuwa uiambie kompyuta kuhusu jengo lenyewe, halafu michoro itoke humo.

Lakini kilichovuma kwanza kilikuwa AutoCAD, iliyotoka 1982. Ilikuwa ya maana sana kwa sababu ilifanya kazi kwenye kompyuta ndogo za mezani. Kwa upande wa kuta, hata hivyo, ilikuwa kama kumpa yule mchoraji wembe wa umeme. Unachora mistari miwili sambamba, wewe unaona ukuta, kompyuta inaona mistari miwili. Ukiuliza ukuta una kimo gani, haijui. Mlango nao ni mstari na kipande cha duara tu.

Huku Hungaria, enzi za ukomunisti, nchi za Magharibi zikibana kompyuta zao zisifike huko, Gábor Bojár alianzisha kampuni ya Graphisoft. Mwaka wa 1984 wakatoa programu ya kompyuta ya Apple Lisa, ile ambayo leo tunaiita ArchiCAD. Ndani ya programu za aina hii, ukuta ni kitu kizima: una unene, una kimo, na ukiweka mlango, tundu linajikata lenyewe. Revit ikatoka Marekani mwaka wa 2000. Sogeza ukuta kwenye ramani, unasogea pia kwa picha ya mbele na ile iliyokatwa. Autodesk, wenye AutoCAD, waliinunua 2002 kwa dola milioni 133. Hiyo ni bei ya kujua ukuta sio mistari miwili.

Sasa, na mbwembwe zote hizo, mimi nilikosea wapi? Revit, ukianza ukuta bila kugusa mipangilio, inafuata mstari wa katikati. Lakini mstari unaofuata wewe ni wa nje, wa ndani, au wa katikati? Hilo iliniachia mimi nijibu, na hata sikujua nimeulizwa.

Fundi alijua. Yeye anahesabu mawe, ya inchi tisa kwa kuta za nje na ya inchi sita kwa zile za kugawa vyumba. Kwake unene wa ukuta ni pesa na ni nafasi ya kitanda.

Sisemi urudi chuo, mimi mwenyewe sijarudi. Lakini najua wengi wenu mnauza hii kazi, na siku hizi kuna programu inakuinulia kuta kutoka kwa picha ya simu. Poa. Kabla hujatuma, pima urefu wote wa nje wa modeli yako, ulinganishe na namba iliyoandikwa kwa ramani. Ni dakika moja. Mimi iliniponyoka, na kodi ya mwezi huo nililipiwa na mamangu.