Mashine ya chapati: Mambo ya kupima kabla ya kununua kifaa chenye kazi moja

VIFAA vya jikoni vyenye kazi moja tu vimejaa madukani: mashine ya kuchemshia mayai, ya kutengenezea bisi, ya kukatia vitunguu, ya kupondea kitunguu saumu, na ile ambayo huwatia wanunuzi wengi tamaa, yaani mashine ya stima ya kutengenezea chapati.

Muuzaji huiwasha mbele ya wateja, akaweka donge la unga uliokandwa, akafunika na kubana, na baada ya dakika mbili hivi akatoa chapati ya mviringo isiyohitaji kibao wala kifimbo. Mnunuzi hulipa, akaondoka na sanduku kwapani. Si ajabu, miezi michache baadaye, kulikuta sanduku hilo juu ya kabati likikusanya vumbi.

Wanaolaumu ununuzi wa aina hii aghalabu husema kwamba kifaa chenye kazi moja ni hasara kwa sababu kina kazi moja. Hoja hiyo haina mashiko.

Mbuzi ya kukunia nazi, kile kigoda kinachokunjika chenye ulimi wa chuma wenye meno, haina kazi nyingine yoyote duniani. Haikatii mboga wala haisagii viungo. Hata hivyo, katika nyumba za Pwani ambako wali, maharagwe, samaki na mboga hupikwa kwa tui, imedumu kizazi baada ya kizazi. Sababu ni kwamba nazi hukunwa mara kwa mara, kisu hakiwezi kuifanya kazi hiyo vizuri, na mbuzi yenyewe haili stima, haishiki nafasi kubwa ikikunjwa, na meno yake yakiwa butu hunolewa kwa tupa.

Mbuzi hiyo hiyo ikipelekwa kwa familia ya bara inayopika kwa tui mara tatu kwa mwaka, inakuwa pambo. Hata huko Pwani, wapo wanaoiacha pembeni kwa kuwa nazi hukunwa kwa mashine sokoni kwa malipo madogo, kisha wao hubaki na kazi ya kukamua tui peke yake. Kwa hivyo swali la msingi halihusu idadi ya kazi za kifaa. Linahusu kama kazi ile moja ni kazi ya nyumba hiyo, na kama kifaa huifanya kweli jinsi nyumba hiyo inavyoitaka.

Chapati gani?

Kwa mashine ya chapati, sehemu ya pili ya swali hilo ndiyo huwaangusha wengi.

Mashine hizi zilibuniwa kwa ajili ya mkate mwembamba wa Kihindi, unaokandwa kwa unga wa ngano isiyokobolewa na maji, bila mafuta au kwa mafuta machache mno. Donge lake huwa laini sana. Vibao viwili vya mashine, vilivyopakwa utando usioshika chakula, hulibana na kulipika kwa wakati mmoja, kisha mvuke ulio ndani huufanya mkate ufure kama puto.

Chapati inayopendwa katika nyumba nyingi za Kenya ni kitu kingine. Hukandwa kwa unga mweupe, chumvi, maji ya uvuguvugu na mafuta. Donge husukumwa likawa bapa, likapakwa mafuta, likakunjwa na kuviringishwa mfano wa konokono, likapumzishwa, kisha likasukumwa tena kabla ya kukaangwa. Ule mkunjo ndio unaozaa tabaka, na tabaka ndizo ambazo mlaji huzitafuta anapoichana chapati kwa vidole.

Donge la namna hii likiwekwa katika mashine, mambo mawili hutokea. Kwanza, mafuta hulifanya liteleze na kukimbilia ukingoni linapobanwa; ndiyo maana watumiaji wazoefu huliweka karibu na bawaba badala ya katikati. Pili, unga mweupe uliokandwa sawasawa huvutika kama mpira, na kibao kikiinuliwa chapati hunywea na kuwa nene. Mpishi akibana kwa nguvu na kwa muda mrefu ili isinywee, sehemu ya chini huwa imekwisha kuiva, na mvuke unaotafuta njia huipasua. Kinachopatikana ni mkate unaolika, lakini mkavu na usio na tabaka.

Muuzaji dukani hapati taabu hiyo kwa sababu donge lake limekandwa kwa maji mengi makusudi. Hilo si ulaghai, kwa kuwa mashine hutaka donge la namna hiyo. Ila mnunuzi anayewazia chapati za sikukuu ya Krismasi anapaswa kujua kwamba anachoonyeshwa hapo si chapati hizo. Anayependa mkate mwembamba usio na mafuta, labda kwa sababu daktari amemshauri apunguze mafuta, atakuwa amepata chombo kinachomfaa kabisa.

Lipo pia suala la hatua inayochosha. Mpishi ajiulize ni wapi hasa anapochoka. Kwa wengi, kazi ngumu ni kukanda, wala si kusukuma, na mashine hii haikandi. Mkono unaouma kwa sababu ya kukanda kilo mbili za unga utaendelea kuuma hata baada ya mashine kununuliwa.

Dawa ya kukanda haihitaji pesa. Unga uliochanganywa na maji ukifunikwa na kuachwa kwa nusu saa hulainika wenyewe, kwa kuwa protini ya ngano huendelea kushikana bila kuguswa. Baada ya hapo, kukanda kwa dakika chache hutosha.

Anayechoshwa na kusukuma naye ana njia ya bei nafuu: kibanio cha mkono, cha mbao au cha chuma, kisichotumia stima. Hicho huweza kutandaza donge ambalo tayari limepakwa mafuta na kuviringishwa, likiwa katikati ya karatasi mbili za plastiki, kisha chapati ikakaangwa kikaangoni kama kawaida. Umbo haliwi zuri kama la fundi wa kusukuma, lakini tabaka hubaki.

Hesabu ya matumizi

Bei iliyoandikwa kwenye sanduku haimwambii mnunuzi mengi mpaka igawanywe kwa idadi ya siku ambazo kifaa kitatumika. Chukua mfano wa mashine ya Sh4,500. Familia inayopika chapati mara mbili kwa mwezi itaitumia mara 24 kwa mwaka, sawa na mara 72 kwa miaka mitatu. Kila upishi utakuwa umegharimu zaidi ya Sh62 kwa ajili ya mashine pekee, kabla ya unga na stima.

Mwenye kibanda anayeitumia siku 300 kwa mwaka atakuwa amelipia Sh15 kwa siku katika mwaka wa kwanza tu. Tatizo la mwenye kibanda ni jingine: mashine hutoa chapati moja kwa wakati, na wateja wake hawatakubali chapati isiyo na tabaka.

Namna bora ya kupata idadi hiyo ni kuweka alama kwenye kalenda kwa miezi miwili kila siku ambayo kifaa kingetumika kama kingekuwapo. Watu hukisia idadi kubwa kuliko ukweli, hasa wanapokuwa wamesimama dukani. Anayeweza kuazima kwa jirani kwa wiki moja atajua mengi kuliko atakayoambiwa na muuzaji yeyote.

Gharama ya stima si kubwa kama inavyodhaniwa. Mashine nyingi za aina hii zina nguvu ya wati 900 hadi 1,000 hivi. Kifaa cha wati 1,000 kikiwaka saa nzima mfululizo hutumia uniti moja ya umeme. Chapati 20 za dakika mbili mbili ni dakika 40. Ukiongeza dakika tano za kupasha moto, haifiki uniti moja, tena kidhibiti joto huuzima na kuuwasha moto mara kwa mara. Kinachosumbua zaidi ni tokeni kwisha au umeme kupotea unga ukiwa umekwisha kukandwa. Aliye na gesi au makaa hana wasiwasi huo.

Wanaoishi katika nyumba za kupanga ambako kodi hujumuisha umeme wana jambo jingine la kuuliza mapema. Baadhi ya wenye nyumba hupiga marufuku vifaa vyote vya kutoa joto, na mpangaji hugundua hilo siku ambayo mashine imekwisha kununuliwa.

Usalama nao usipuuzwe. Plagi ya kawaida nchini imewekewa kikomo cha ampea 13, ambazo kwa umeme wa volti 240 ni takriban wati 3,100. Waya mmoja wa kurefushia ukibeba birika la wati 2,000, pasi ya wati 1,200 na mashine ya wati 1,000 kwa pamoja, unakuwa umepita kikomo na utapata moto. Aidha, mashine iliyoletwa na jamaa kutoka Marekani, ambako umeme ni wa volti 120, isichomekwe hapa bila kibadilishi cha volti chenye uwezo wa kutosha. Kibadilishi hicho huenda kikagharimu kama mashine yenyewe au zaidi.

Uimara ni hoja inayopendelea kikaango. Kikaango cha chuma kinachopakwa mafuta kila mara huzidi kuwa kizuri kadiri kinavyotumika. Utando wa mashine huanza kufa siku ya kwanza, na ukichunwa kwa kijiko cha chuma hauna wa kuutengeneza. Mwiko wa mbao ndio unaofaa. Mashine pia haiwezi kutumbukizwa majini; hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu baada ya kuchomolewa na kupoa, na mafuta yanayoingia kwenye bawaba huganda hapo.

Kuna watu ambao hesabu yote hii haiwahusu sana. Mzee mwenye maumivu ya viungo, mtu anayetumia mkono mmoja, au asiyeona vizuri na ambaye moto wa wazi ni hatari kwake, anaweza kunufaika pakubwa na kifaa ambacho wengine hukicheka. Mashine ya kuchemshia mayai inayojizima yenyewe ni upuuzi kwa mwenye sufuria na macho mazima, ila kwa mtu anayesahau jiko likiwaka ni kinga. Kwake yeye hata matumizi ya mara moja kwa wiki yanatosha kuihalalisha bei.

Aliyeamua kununua aombe mashine ichomekwe na kujaribiwa pale pale dukani, ikiwezekana kwa donge alilolikanda mwenyewe nyumbani kwa mafuta yake. Atazame kama vibao viwili vinakutana sawasawa pande zote, kwa kuwa pengo upande mmoja hutoa chapati mbichi upande huo. Aangalie pia kibandiko cha Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) kwa bidhaa zilizoagizwa kutoka nje, na kama waya una plagi ya pini tatu. Risiti na kadi ya dhamana ziwe na tarehe na muhuri wa duka, na sanduku lisitupwe hadi muda wa kurudisha bidhaa upite, kwani maduka mengi hukataa kupokea kifaa kisicho na sanduku lake.