Swali la Namba

Mwaka 1972, katika maabara za Bell nchini Marekani, Marc Rochkind alianza kuunda programu iliyokuja kuitwa SCCS, ambayo kazi yake ilikuwa kuhifadhi kila badiliko la msimbo, ili fundi atakapo kuliona faili kama lilivyokuwa mwaka juzi, alipate bila ya kutegemea kumbukumbu ya mtu. Lakini linalonivuta mimi katika chombo kile kikongwe si hifadhi hiyo, bali swali moja fupi. Katika SCCS ya mfumo wa UNIX msimamizi aliweza kulitia faili alama ya v. Na tangu hapo kila aliyekuja kukabidhi badiliko alikabiliwa kwanza na swali MRs?, yaani ataje namba ya ombi la marekebisho lililomtuma kazi ile, kabla hajaulizwa maelezo yoyote. Tena msimamizi akipenda aliweza kuteua programu nyingine ya kuihakiki namba, na ikiwa batili, badiliko lilirudishwa papo hapo, kama karani wa forodha arudishavyo shehena isiyo na hati.

Vyombo vilivyofuata havikurithi ukali huo. RCS ya Walter Tichy, na CVS iliyojengwa juu yake, viliuliza maelezo tu. Na fundi mchovu, saa tano za usiku, aghalabu huandika “marekebisho madogo” akaenda zake kulala. Daftari la hitilafu likakaa kwake na hazina ya msimbo kwake, mithili ya majirani wasioamkiana. Hata Git, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, haina mahali palipotengwa kwa namba ya kazi.

Basi pale ilipoondoka sharia yakaingia mazoea. Mafundi wa mfumo wa Debian waliandika Closes: na namba katika orodha ya mabadiliko, hitilafu ikafungwa kifurushi kilipopokewa, chombo kiitwacho Trac kikaufunga uzi baina ya tiketi za hitilafu na hazina ya msimbo ya Subversion, na leo katika GitHub neno Fixes pamoja na namba hulifunga suala lenyewe mara badiliko liingiapo katika tawi kuu.

Mimi niliwahi kuifuata namba kama hiyo katika msimbo wa zamani. Maelezo yalikuwa “kama ilivyoombwa”, na tarakimu nne; daftari lenyewe lilikuwa limekwisha kuzimwa, wala hapakuwa na nakala.